Maji yamepimwa. Sawa, lakini chupa alishika nani?

Kimya kimekuwa kirefu, ila si mnajua tena chuo kikikubana. Leo naleta historia, lakini wafalme na vita tuviweke pembeni kidogo. Hii ni historia ya chupa. Ile chupa ndogo ambayo mtu wa maabara anaijaza maji ya bomba, anaifunga, anaandika namba ubavuni, halafu siku chache baadaye linatoka jibu kwamba maji ya mji mzima ni salama ama siyo salama.

Tukishasikia "maji yamepimwa" wengi wetu tunashusha pumzi. Neno lenyewe lina uzito kama muhuri. Lakini hebu fikiria: mji haupimwi. Inapimwa chupa. Na chupa ile ilijazwa na mtu fulani, kwenye bomba fulani, saa fulani, kwa namna fulani. Ukifuata miji mitatu nitakayoieleza hapa, London, Hamburg na Flint, utaona kwamba mara nyingi watu waliponea ama walikufa hapo hapo, kwenye suala la nani kachota na kachotea wapi. Mashine ya maabara inakuja baadaye.

LONDON, 1854

Mwisho wa mwezi wa nane mwaka 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, katikati ya London. Katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa, na wote walikaa ndani ya eneo ambalo ukitembea kwa miguu unalimaliza kwa dakika chache. Wakati ule wasomi wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya, yaani harufu ya uozo. Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na wazo jingine: ugonjwa unaingia kwa kinywa, na njia yake kuu ni maji.

Palikuwa na pampu ya kisima kwenye barabara iliyoitwa Broad Street. Maji yake yalisifiwa. Yalikuwa maangavu na yana ladha nzuri, kiasi kwamba mama mmoja mjane aliyehamia Hampstead, mbali kabisa na pale, alikuwa akiletewa chupa ya maji ya Broad Street kila siku kwa sababu aliyapenda. Alikunywa, akafa. Mpwa wake aliyemtembelea naye alikunywa, akarudi kwake, naye akafa.

Sasa hapa ndipo panaponivutia. Snow aliyachota maji ya pampu ile akayaangalia. Hakuona kitu cha maana! Uchafu ulikuwa mdogo mno hata akasita kutoa hukumu. Kipimo cha siku zile kilishindwa. Bakteria wa kipindupindu walikuwa hawajajulikana kwa madaktari wa London, ingawa mwaka ule ule wa 1854 Filippo Pacini aliwaona kwa hadubini kule Florence, Italia, na karibu hakuna aliyemsikiliza.

Basi Snow akaachana na chupa, akaenda kuhesabu watu. Alichukua kwenye ofisi ya vizazi na vifo orodha ya marehemu 83 wa siku za mwanzo, akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Karibu wote walikufa jirani na pampu ile. Kumi tu walikaa karibu zaidi na pampu nyingine. Akawafuatilia na hao: watano walikuwa wakiagiza maji ya Broad Street kwa kupenda, na watatu walikuwa watoto wanaosoma shule ya karibu na pampu. Kisha akageuza swali. Nani amekaa hapo hapo na hajafa? Kulikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, imezungukwa na misiba pande zote, lakini waliokufa ndani ni watano tu. Ina kisima chake. Kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja kwa kipindupindu. Wao walipewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake vilevile.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ukang'olewa. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, maana watu walikuwa wamekimbia mtaa, kwa hiyo tusitie chumvi kwamba mpini ule peke yake ndiyo ulioponya London. Kilichobaki ni namna ya kuuliza. Na aliyekamilisha kazi alikuwa mchungaji wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow kabisa. Alianza kuchunguza ili ampinge, akaishia kumthibitishia. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kwenye nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu, mtoto mchanga aliugua kuharisha kabla ya wengine, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo la maji machafu. Shimo lile lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zimeoza.

Na serikali je? Kamati ya wasomi ya Bodi ya Afya iliketi mwaka 1855 ikayatazama mambo ya Snow, ikayakataa. Maji yalikuwa mazuri kwa macho. Basi.

HAMBURG, 1892

Ruka miaka karibu 40. Sasa bakteria wanajulikana. Robert Koch, Mjerumani, alishamtambua wa kipindupindu mwaka 1883 na 1884 alipofanya kazi Misri na India. Ila kujua kitu na kukilipia ni mambo mawili. Mji wa Hamburg ulikuwa tajiri, bandari kubwa ya Ujerumani, na ulikuwa ukivuta maji ya mto Elbe na kuyapeleka mabombani bila kuyachuja. Mradi wa kujenga machujio ulikuwa umevutwa miaka kwa miaka kwa ubishi wa gharama. Mwezi Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache watu kama 8,600 wakafa.

Jirani yake kulikuwa na mji wa Altona. Wakati ule Altona ulikuwa mji mwingine wenye utawala wake, lakini umeshikana na Hamburg kiasi kwamba mpaka ulipita katikati ya mitaa. Na Altona nao walivuta maji ya Elbe, tena chini ya Hamburg, yaani baada ya mto kupokea vinyesi vya jirani zao wote. Kwa hesabu ya haraka ungesema Altona ndiyo wataisha. Haikuwa hivyo. Altona walikuwa na machujio ya mchanga: maji yanashuka polepole kwenye tabaka za mchanga, juu yake kunajijenga utando wa viumbe vidogo, na utando ule unanasa bakteria. Kwenye barabara ya mpakani ugonjwa ulifuata upande wa Hamburg ukaacha upande wa Altona. Zilikuwepo hata nyumba zilizokuwa ndani ya mpaka wa Hamburg ila zikipata maji ya Altona, nazo zikaponea. Hewa ni ile ile, udongo ni ule ule, maskini ni wale wale. Tofauti ni bomba.

Hapo ubishi wa hewa mbaya ukavunjika mgongo. Na hapo ndipo kupima maji kulipogeuka kuwa kazi ya kila siku yenye namba. Koch alisema maji yaliyochujwa vizuri yasizidi bakteria 100 katika mililita moja. Lakini tafadhali tazama jambo la pili alilolisisitiza, ambalo mie naliona kubwa kuliko hiyo 100: kila chujio lipimwe peke yake. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa na machujio kumi, tisa mazima na moja limepasuka, halafu ukachota mahali maji yote yameshachanganyika, yale tisa yatalificha lile moja. Namba itatoka nzuri na watu watakunywa ugonjwa. Na kweli, baridi ya mwanzoni mwa 1893 Altona nao walipata mlipuko mdogo, na Koch akaufuatilia mpaka kwenye chujio lililoharibiwa na barafu.

Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa wa upimaji wa kisasa, swali la wapi unachotea lilikuwa mezani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Kwa vile huwezi kutafuta kila mdudu wa kila ugonjwa kwenye kila chupa, wataalamu walichagua shahidi mmoja: bakteria aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885, ambaye leo tunamwita E. coli. Anakaa kwenye utumbo wa watu na wanyama. Ukimkuta kwenye maji, maana yake kinyesi kimefika, na kama kinyesi kimefika basi kipindupindu, homa ya matumbo na wenzao wana njia ya kufika. Kanuni ya leo ya Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka: katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ukaanza kutia klorini kwenye maji yake yote moja kwa moja, na miji mingine ikafuata. Vifo vya homa ya matumbo vikashuka sana.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Kumbe bado.

FLINT, 2014

Flint ni mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Ndiko kampuni ya General Motors ilikoanzishwa mwaka 1908. Miaka ya 1960 mji ulikuwa na watu karibu 200,000, viwanda vinanguruma. Viwanda vikaondoka, watu wakaondoka, mpaka kufika 2014 wamebaki 100,000 hivi, wengi wao weusi na wengi maskini. Mji ukafilisika kiasi kwamba gavana akaweka meneja wa dharura mwenye madaraka kuliko meya na madiwani waliochaguliwa na wananchi.

Kwa miaka karibu 50 Flint ilinunua maji kutoka Detroit, maji ya Ziwa Huron. Ili kubana matumizi wakati wakisubiri bomba jipya, iliamuliwa mji uvute maji ya mto wake wenyewe, Flint River. Tarehe 25 Aprili 2014 viongozi walikusanyika kwenye mtambo, meya akabonyeza kitufe, wakanyanyua glasi za maji wakanywa mbele ya kamera.

Kosa lilikuwa dogo kwa kuliangalia. Maji ya mto ule yalikuwa na chumvichumvi zinazokula bomba kuliko maji ya ziwa. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa fosfeti, kitu kinachojenga ngozi nyembamba ndani ya bomba ili maji yasiguse chuma moja kwa moja. Flint hawakutia. Makadirio yaliyotajwa mara nyingi ni kwamba dawa ile ingegharimu kama dola 100 kwa siku. Sasa ile ngozi ya zamani ikaanza kubanduka. Na mabomba mengi yanayotoka barabarani kuingia majumbani Flint yalikuwa ya risasi.

Risasi, ndiyo. Jina lile lile la kinachotoka kwenye bunduki, kwa sababu kilitengenezwa kwa madini hayo hayo. Risasi kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua, na wataalamu hawajapata kiwango ambacho wanaweza kusema hiki hakina madhara. Halafu hili tulishike vizuri, maana sisi tumelelewa na wimbo wa "chemsha maji ya kunywa": kuchemsha kunaua bakteria lakini hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki pale pale kwenye sufuria.

Wananchi walianza kulalamika mapema. Maji ya kahawia, harufu, vipele kwenye ngozi. Agosti na Septemba 2014 bakteria wa kinyesi walionekana, watu wakaambiwa wachemshe. Ikaongezwa klorini. Klorini ikikutana na uchafu wa mto inazaa kemikali nyingine, na Januari 2015 mji ukalazimika kuwatangazia watu kwamba kemikali hizo zimevuka kiwango. Kabla ya hapo, Oktoba 2014, kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji yale kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma vya injini. Jamani! Injini ikahamishiwa maji mengine, watoto wakaendelea na yale yale kwa mwaka mzima.

Na muda wote huo jibu la maofisa lilikuwa moja: maji yamepimwa, yako ndani ya sheria.

Hapa sasa tuingie kwenye chupa. Sheria ya Marekani tangu 1991 ilikuwa hivi: unapima nyumba kadhaa zenye hatari ya risasi, unapanga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, na jibu lililo kwenye nafasi ya asilimia 90 lisizidi mikrogramu 15 kwa lita. Likizidi, lazima uchukue hatua na uwatangazie watu. Maji yanatakiwa yawe yamelala bombani masaa sita au zaidi bila kutumika, na unakinga yale ya kwanza kabisa kutoka, maana ndiyo yaliyolala yakigusa bomba.

Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Tazama sasa ilivyochezwa. Wakazi waliambiwa usiku kabla ya kupima wafungue bomba maji yatiririke dakika kadhaa, kisha wafunge walale. Hiyo inasafisha vipande vya risasi vilivyojikusanya. Chupa walizopewa zilikuwa na mdomo mwembamba, kwa hiyo unalazimika kufungua bomba kidogo kidogo, na maji yakienda polepole hayang'oi vipande vingi. Isitoshe, mji haukuwa na kumbukumbu za kuaminika za nyumba zipi zina bomba la risasi. Taarifa zilikuwa kwenye maelfu ya kadi za zamani. Kwa hiyo nyumba nyingi zilizopimwa hazikuwa hata zile za hatari.

Pamoja na yote hayo, majibu ya nusu ya kwanza ya 2015 bado yalielekea kuvuka 15. Zilipatikana sampuli 71. Mbili zilizokuwa juu zikatolewa, zikabaki 69. Jibu rasmi likashuka likawa 11. Mji umefaulu!

Moja ya hizo mbili ilitoka nyumbani kwa mama anaitwa LeeAnne Walters. Ilisoma 104, na ikatolewa kwa hoja kwamba nyumba ina chujio. Walipompima tena ikasoma 397. Akaambiwa tatizo ni mabomba ya ndani ya nyumba yake. Yeye akajibu kwamba mabomba yake ya ndani ni ya plastiki. Akajisomea nyaraka za mji mwenyewe, akampigia simu Miguel Del Toral, mtaalamu wa shirika la serikali kuu la mazingira, EPA. Huyu bwana aliuliza swali la Koch bila kumtaja Koch: mnatia dawa gani ya kulinda bomba, na mnachota vipi? Juni 2015 akaandika waraka wa ndani akiwaonya wakubwa zake juu ya mambo yote mawili. Waraka ukavuja, na maofisa wakamfanya yeye ndiye aonekane tatizo.

Walters akapeleka sampuli pia kwa Marc Edwards, profesa wa Virginia Tech. Edwards hakuwa mgeni wa mchezo huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipambana Washington, ambako mamlaka ilibadilisha aina ya dawa ya kuulia bakteria mwaka 2000, risasi ikapanda mabombani, na wananchi wengi hawakujua mpaka gazeti lilipoandika Januari 2004. Kwa Walters walichota chupa 30 mfululizo. Wastani wake ulizidi 2,000, na ya juu kabisa ilisoma 13,200. Kwa sheria za huko, kitu kikifika 5,000 kinaitwa taka hatarishi.

Agosti 2015 Edwards na wanafunzi wake walituma Flint maboksi 300 ya vifaa vya kupimia. Wanafunzi, wadau, watu kama nyie! Kila boksi lilikuwa na chupa tatu: ya kwanza ukinge maji ya kwanza kutoka, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika mbili. Ujanja wake ni kwamba chupa tatu zinakuonyesha risasi inatokea wapi, kwenye koki yako, kwenye bomba la kuingia nyumbani, ama mbali zaidi. Wakazi wenyewe waligawa maboksi mtaa kwa mtaa, wakaelekezana, wakayakusanya. Zaidi ya 250 yakarudi, kiwango cha juu mno kwa kazi ya kujitolea. Nafasi ya asilimia 90 ikavuka 20. Maji yale yale, mji ule ule, mwaka ule ule. Aliyebadilika ni mchotaji.

Maofisa wa jimbo bado walikataa. Ndipo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipofanya alichofanya Snow: aliacha bomba akaenda kwa watu. Alichukua rekodi za damu za watoto wa chini ya miaka mitano, akalinganisha kabla na baada ya maji kubadilishwa. Waliokuwa na risasi nyingi kwenye damu walikuwa wameongezeka takribani mara mbili, kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Alitangaza Septemba 24, 2015. Siku za kwanza alishambuliwa kwamba anachezea takwimu. Baada ya siku chache jimbo likarudia hesabu zake, likakuta ni kweli. Oktoba 16, 2015 Flint ikarudishwa kwenye maji ya Detroit.

Yaliyofuata ni marefu. Ugonjwa wa mapafu wa Legionella, uliolipuka 2014 na 2015 maji yakiwa ya mto, uliua watu wasiopungua 12. Hali ya dharura ya kitaifa ilitangazwa Januari 2016. Mwaka 2021 mahakama ilipitisha fidia ya dola milioni 626. Kesi za jinai dhidi ya maofisa zilianguka kwa sababu za kiutaratibu. Na Februari 2016 EPA ikatoa maelekezo: acheni kutiririsha maji usiku wa kuamkia kupima, acheni chupa zenye mdomo mwembamba. Yaani ilibidi mji mzima unywe risasi ndipo mdomo wa chupa uonekane.

NA SISI JE?

Msije mkadhani naleta hadithi ya Wazungu na mabomba yao mabovu. Mabomba yetu mengi ni ya plastiki au chuma, risasi siyo hofu yetu ya kwanza. Tunayo ya kwetu. Maji ya mgao, kwa mfano. Bomba likikauka halina msukumo, na penye ufa linafyonza maji machafu ya nje, iwe mtaro ama choo. Kwa hiyo maji yanaweza kutoka mtamboni safi kabisa na klorini yake, yakafika kwako yamekuwa kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linataka klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita ibaki mpaka pale mtumiaji anapokinga. Pale anapokinga, siyo mtamboni. Halafu maji yanaingia kwenye tangi la juu ya paa ambalo pengine halijaoshwa miaka. Ukichota mtamboni utapata jibu moja, ukichota kwenye ndoo ya mwanafunzi ghorofa ya tatu utapata jingine, na yote mawili ni ya kweli.

Wenzetu wa Arusha na maeneo ya Meru wanaijua sura nyingine. Floridi inatoka kwenye miamba ya volkano, inafanya meno kuwa ya kahawia na ikizidi inapinda mifupa. Kipimo cha kimataifa ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8, baadaye 4, kwa sababu vyanzo vingine havikuwepo. Sikusudii kulaumu, maana bila maji kabisa mtu anakufa haraka zaidi. Nataka tu tuone kwamba "yako ndani ya kiwango" nayo ina historia yake. Kiwango ni mapatano kati ya afya na mfuko. Na floridi, kama risasi, haitoki kwa kuchemsha.

Ripoti za maji kwetu zipo. EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na ndani yake mna ubora wa maji. Nendeni mkaisome. Ila mkisoma asilimia, msiishie hapo. Ulizeni sampuli ngapi, zimechotwa wapi, mtamboni ama majumbani, mwisho wa bomba ama mwanzo, saa ya mgao kurudi ama baada ya maji kutiririka. Ulizeni kama kuna sampuli iliyoondolewa na kwa nini. Anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika kuulizwa, atafurahi kwamba kuna mtu amejali.

Na tusiende upande wa pili pia, wa kusema vipimo vyote ni uongo. Flint haikuokolewa na kelele peke yake. Walichota vizuri kuliko serikali, wakaandika kila hatua, wakaweka majibu hadharani. Kipimo kibovu kilishindwa na kipimo bora. Snow, Whitehead, Koch, Walters, Del Toral, Edwards, Hanna-Attisha: daktari, mchungaji, mwanasayansi, mama wa nyumbani, mtumishi wa serikali, profesa, daktari tena. Hakuna hata mmoja aliyeridhika na neno "yamepimwa".

Kuna kemikali ya bei nafuu ambayo ukiitia kwenye maji yenye klorini yanageuka rangi ya waridi, na waridi ikikolea ujue klorini ni nyingi. Watu wa Kemia na wa Afya ya Jamii mnaoipata maabara, niambieni: nani yuko tayari tuzunguke hosteli moja moja, tuchote kwenye koki ya kila ghorofa, asubuhi na jioni, wiki mbili, tuandike na kubandika majibu ukutani? Daftari nitanunua mie. Anayetaka ajitokeze.